Aliyechukia Aanze: Ombui Kebaso na Filamu ya Mbuzi

Wasikilizaji wapendwa, leo sina wimbo wa kufungulia. Ijumaa tulimzika Ombui Kebaso pale Sosiot, na tangu Ijumaa nina hasira. Fundi wetu wa mitambo ameniambia nipoe kwanza ndipo niwashe maiki. Nimemwambia chai ndiyo hupoa.

Jina ni Ombui Kebaso. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Ombui Kebaso, dijei wa filamu, mwenye kibanda cha video nyuma ya poshomili, soko la Sosiot. Daktari amesema ni moyo, na mimi sibishani na daktari. Sisemi mlimuua. Nasema mlimzima sauti miezi mingi kabla moyo haujasimama. Hilo nalisema, na leo nitaeleza mlivyolifanya.

Ombui alikuja huku akiwa kijana, kutoka upande wa Nyamira, akaandikwa kazi ya kuchuma majani kwenye shamba moja kubwa la chai. Sauti yake ndiyo iliyomtoa kwenye mistari ya majani. Msimamizi wa mizani alikuwa na sauti ndogo, na wachumaji wako wengi, na mvua ya saa nane inajulikana ilivyo. Basi Ombui akawekwa pale mizani aite majina na kilo. Mkewe, Mama Nyabate, alikuwa mchumaji kwenye foleni hiyo.

"Mimi nilipenda sauti kwanza," Mama Nyabate aliniambia. "Ule uso niliuzoea baadaye."

Jioni, pale kambini, wafanyakazi walitazama filamu za ngumi za Kichina kwenye tivii moja. Hakuna aliyejua wanasema nini. Siku moja Ombui akapunguza sauti ya tivii, akasimama kando, akaanza kuwasemea wale waigizaji. Alisema kwa Kiswahili, akachanganya Kikipsigis, na matusi akayatoa kwa Ekegusii ili watoto wa majirani wasielewe. Kambi nzima ikahamia mlangoni. Hapo ndipo dijei alipozaliwa. Alipoacha kazi shambani alijenga kibanda cha mabati hapo Sosiot, akapanga makreti ya soda yawe viti. Kila Jumapili baada ya kanisa, kibanda kilijaa.

Sasa sikilizeni vizuri sheria ya kibanda kile, kwa sababu ndiyo kisa chote. Filamu ikiisha, hakuna kutoka. Ombui anasimama mbele, anavua kofia, anasema, "Maoni. Aliyechukia aanze." Aliyechukia anasimama, anasema mbele ya watu, na Ombui anamjibu. Ndipo anaitwa aliyependa. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaanza na mwenye chuki.

"Aliyependa ana subira," alinijibu. "Aliyechukia usipomsikiliza hapa, ataenda kuongea nyuma ya choo."

Filamu yenyewe ni ile ya Mbuzi. Mnaijua. Watu wametoka Kabianga na Ndanai kuja kuitazama. Ilikuja kwa sidii mbili zisizo na jina, maandishi yote ya Kichina, na picha ya mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, amekunja ngumi. Kwa asiyeijua: kuna kijana mvivu, muuza maandazi ya mvuke. Kuna mbuzi anayeongea na kupigana. Na kuna mzee mwenye nyusi nyeupe ndefu mpaka kifuani, anayeruka juu ya mapaa. Jinsi Ombui alivyoisimulia, mbuzi ni mwalimu wa ngumi aliyegeuzwa mnyama kwa uchawi. Mchawi ni mzee wa nyusi. Mbuzi anamfundisha kijana kupigana kwa sufuria, kwa ufagio, kwa kamba ya kuanikia nguo. Mwishoni mbuzi amerudi kuwa mtu, mzee wa nyusi anapigwa hadi anakufa, na kibanda kizima kinasimama juu ya makreti kushangilia.

Ni filamu mbovu. Nasema kwa upendo. Mbuzi mwenyewe ni mtu aliyevaa ngozi. Mama Chepkemboi, mkulima wa chai wa hapo hapo Sosiot, ndiye aliyekuwa anaanza maoni karibu kila Jumapili.

"Dijei, nimechukia! Mbuzi yako iko na zipu kwa mgongo!"

"Hiyo si zipu, mama. Ni kovu la vita."

"Kovu inang'aa?"

"Alishonwa na daktari tajiri."

Mzee Kipngeno, mfugaji, alikuwa akidakia kutoka nyuma. "Chepkemboi, wewe unatafuta zipu ya mbuzi, na huyo mzee anapaa bila mabawa hujauliza!"

Hayo ndiyo yalikuwa maoni. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Timu ya vijana ikajiita Mbuzi. Wachumaji wakikutana njiani walisalimiana kwa kulia "meee". Na kulikuwa na maneno ya mbuzi ambayo kila mtu aliyajua. Kijana anamlilia mbuzi kwamba mwalimu amepotea, na mbuzi anamjibu: "Ngozi imebadilika, mwalimu ni yule yule."

Shikeni maneno hayo. Mume wa Mama Chepkemboi alipofariki, mama huyu aliketi na watoto wake, mwili ukiwa bado mochari, akawaambia maneno hayo ya mbuzi. Ngozi imebadilika, baba ni yule yule. Watoto walikuwa wanaijua filamu. Walielewa.

Halafu ikaja mwaka jana. Ogoti, kijana anayeuza filamu kwa flashi pale sokoni, aliipata filamu ya Mbuzi kwenye mtandao, safi, ina maandishi ya Kiingereza chini. Akaileta kibandani kwa furaha. Akadhani analeta zawadi. Ombui hakuwa na la kufanya, watu walikuwa wameshaketi. Filamu ikaanza, na ikaanza mahali ambapo sisi tulijua ni katikati.

Sidii zilikuwa zimebadilishana, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena: zilibadilishana. Miaka yote Ombui alianza na ya pili akamalizia na ya kwanza. Mwalimu halisi ni mzee wa nyusi. Mchawi anamuua, kisha anajigeuza mbuzi ili ajifiche, na kumlaghai kijana na kumfundisha ufisadi. Sisi tulikuwa tunapiga makofi mwalimu akiuawa. Na yale maneno ya ngozi hayamo. Hayamo popote. Ombui aliyatunga.

Siku hiyo Ombui alivua kofia kama kawaida. "Maoni," akasema. "Aliyechukia aanze."

Hakuna aliyesimama. Hakuna! Nilikuwepo, niliwatazama. Mlikusanya majaketi yenu, mkatoka mmoja mmoja mkimpita kama mti.

Jioni hiyo ndipo simu zikafunguka. Grupu ya soko ilijaa jumbe zenu za sauti. Mmoja: "Ametugeuza watoto." Mwingine: "Mtu amedanganya juu ya mbuzi, hashindwi kudanganya juu ya kilo." Yaani kazi aliyoifanya kwa uaminifu kule mizani enzi za ujana wake, nayo mkaitia matope. Na kuna mmoja, simtaji, anajijua na ananisikiliza sasa hivi akiosha debe la maziwa, alisema, "Watu wa kuja ndio hao." Watu wa kuja! Ombui alimzika mama yake kwenye udongo huu. Watoto wake wamebatizwa kanisa lako. Jumapili yote alikuwa mtu wa Sosiot, jioni mkamfanya wa kuja kwa sababu ya mbuzi mwenye zipu.

Mama Chepkemboi naye alituma sauti. Fupi. "Ombui, wewe ni mwongo." Hiyo ndiyo Ombui aliyoirudia kuisikiliza. Binti yake, Esnah, ameniambia alikuwa anaisikia kupitia ukuta, baba akiicheza, akiizima, akiicheza tena.

Nilimuuliza Mama Nyabate swali ambalo wengi mnaliuliza. Je, Ombui alijua?

"Alijua," akaniambia. Hakuzunguka. "Wiki ya pili tu alijua. Alikuja nyumbani akasema, Nyabate, nimeweka sidii kinyume. Nikamwambia, si uwaambie? Akasema, wamempenda mbuzi tayari. Leo mama mmoja amelia. Nikiwaambia ni mchawi, nitawapatia nini badala yake?"

Basi alijua. Alikosea, akajua, akaendelea. Mlikuwa na haki ya kuchukia. Mlikuwa na haki kamili! Alikuwa amesimama mbele yenu, amevua kofia, anaiomba hiyo chuki. Mkamnyima. Mkaenda nayo nyuma ya choo.

Ombui alifunga kibanda. Alikuwa akipita sokoni bila kuita mtu. Mtu ambaye sauti yake ilivuka mistari ya majani, akawa ananunua sukari kwa kuonyesha kidole. Nilimtungia ubeti wakati huo. Nikamsomea. Akatabasamu, akasema mizani imekaa sawa. Ni huu:

Sauti yajaza chumba, mvua ikipiga bati,
Mbuzi wake akatamba, kwa pembe na kwa magoti,
Mkacheka mkiimba, mkikalia makreti,
Leo mnamwita mwongo, mkijificha simuni.

Tufike Ijumaa. Kamati ya mazishi ilikaa ikaamua filamu isitajwe. Kwenye ratiba Ombui akawa "mkulima na mfanyabiashara". Mfanyabiashara! Pasta Johana alihubiri vizuri, simlaumu, lakini alihubiri juu ya mtu nisiyemjua. Jeneza likateremshwa kando ya michai, majembe yakachukuliwa. Ndipo Mama Nyabate akasema, "Ngojeni."

Pasta akamwambia kwa upole, "Mama, mvua inakuja."

"Mvua imekuja miaka yote na watu hawakutoka kwa kibanda." Akasogea hadi ukingoni mwa kaburi. Alikuwa na ile kofia ya mumewe mkononi. "Mume wangu hakuwahi kumaliza filamu bila maoni. Aliyechukia aanze."

Niliwaona, wasikilizaji wapendwa. Mlikuwa wengi. Mlioandika, mlioongea, mliosambaza. Mlitazama viatu vyenu. Mwingine alijifanya amepigiwa simu. Mama Nyabate alizungusha macho polepole, uso kwa uso, na nilidhani ataondoka hivyo hivyo, na kwamba Ombui atafukiwa kama mkulima na mfanyabiashara, basi.

Mama Chepkemboi akasimama. Alitoka kati ya wanawake wa kanisa, akaja mpaka mbele, akaongea akitazama chini, kaburini.

"Mimi ndio nimechukia. Ombui, ulinidanganya. Hiyo maneno ya ngozi niliambia watoto wangu wakati baba yao yuko mochari. Ndiyo kitu nilikuwa nayo, hakukuwa na ingine. Kumbe si ya filamu. Ni yako." Akapumua. "Nikakuita mwongo kwa simu. Ukasikia, ukanyamaza. Mbona ukanyamaza? Kila Jumapili ulikuwa na jibu. Zipu ulikuwa na jibu! Ungekuja kwangu useme, Chepkemboi, hiyo maneno nimetunga mimi. Ningekutukana siku moja, halafu nikupee maziwa. Sasa nitagombana na nani?"

Mama Nyabate akamwangalia.

"Aliitunga jikoni kwangu," akasema. "Ilikuwa ndefu sana. Mimi ndio nilimwambia apunguze."

Mama Chepkemboi akaguna. Mguno huo ukawa kicheko, kisha ukawa kilio, sijui ni kipi kilitangulia.

"Haya," Mama Nyabate akasema. "Sasa aliyependa."

Mzee Kipngeno hakungoja hata kupewa nafasi. "Mimi nasema bado mbuzi ndio mwalimu! Hiyo Kiingereza ya chini nani aliandika? Mnamjua?"

"Mzee, mbuzi anaua mtu hapo mwanzo!" Ogoti akapaza sauti kutoka kwenye majani ya chai.

"Mwanzo gani? Mwanzo yako!"

"Na nyusi je?" mwanamke mmoja akauliza. "Mtu mzuri anafuga nyusi hivyo ya nini?"

Basi zogo likazuka. Juu ya kaburi lililo wazi, watu wazima wakabishana kuhusu mbuzi. Pasta Johana aliinua mkono mara kadhaa, kisha akaushusha, kisha, namshukuru Mungu kwa hili, akauliza yule kijana wa maandazi alipata mke au hakupata. Mvua ikanyesha. Hakuna aliyeondoka.

Mngedhani hapo hasira yangu ilikwisha. Ndipo ilipozidi. Kwa sababu mabishano yale yalikuwemo ndani yenu wakati wote. Mlikuwa nayo. Yangemfaa mtu mwenye masikio. Mmeyaleta kwa jeneza.

Kwa Mama Nyabate, kwa Esnah na ndugu zake, kwa jamaa wote wa Kebaso walioko Sosiot na walioko Nyamira, kituo hiki kinawapa pole. Poleni sana. Mungu awape nguvu, na atupe sisi aibu kidogo, tunaihitaji. Esnah ameniomba niwatangazie kwamba Jumapili hii, baada ya kanisa, atafungua kibanda na kushika maiki ya baba yake. Nilimuuliza ataanza na sidii ipi. Akaniambia nikitaka kujua, niende nikakae kwenye kreti.

Na wewe uliyesema "watu wa kuja", tafakari leo ukimaliza kuosha debe lako. Esnah atavua kofia. Atakuita uanze. Acha simu nyumbani, uje na uso wako.