Bi Mistari na Vyungu Mia Mbili na Kumi na Viwili

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa zamani wa Idara ya Vyungu vya Kale, ambaye sote tunamwita Bi Mistari, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Uongozi umeniomba niandike kwa furaha na kwa ufupi. Ufupi nitajitahidi.

Aliajiriwa kuchunguza nakshi za vyungu vilivyofinyangwa na watu ambao hawakuacha hata herufi moja. Kwa lugha ya nyumbani, alilipwa kutazama mikwaruzo. Alipewa meza ya kuyumba, lenzi na masanduku ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, akaambiwa atafute maana. Taasisi yetu hupenda sana maana, hasa ile inayoenea kwenye bango.

Mwaka wa sita akaipata. Aliona kwamba kwenye shingo za vyungu mistari ya mshazari huachana sawasawa, kisha ghafla husongamana. Akaandika kitabu kueleza kwamba hiyo ni kalenda: mwezi ukififia, mistari hubanana. Sifa zikamiminika. Akapandishwa cheo, akapewa ofisi yenye madirisha mawili, na kalenda ikawa nembo yetu, kuanzia lango kuu hadi vikombe vya chai.

Miaka tisa baadaye akaja mfinyanzi mmoja kuleta vyungu vya maua vya ukumbini. Maskini hakuwa na shahada, kwa hiyo alizitazama picha za nakshi ukutani kwa macho tu.

“Mama, huyu nafasi ilimwishia,” akasema.

Bi Mistari akamuuliza ana maana gani.

“Unaanza kuchora hapa, unazunguka. Ukikaribia ulipoanzia unakuta pamebaki padogo, basi unabana. Mimi mwenyewe hubana kila siku.”

Mtu mwenye busara za kiofisi angemsindikiza hadi langoni. Yeye alijifungia wiki tano, akapima upya vyungu mia mbili na kumi na viwili. Mumewe, daktari wa meno, alimsihi anyamaze: nani atakuja kuhesabu? “Nimeshahesabu,” alimjibu.

Akaomba kikao kiondoe kitabu chake kwenye orodha ya machapisho yetu. Mkurugenzi akamwambia kwa upole, “Dada yangu, vikombe vimeshachapishwa.” Tukapiga kura kulinda heshima ya vikombe. Mimi ninayeandika haya nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilikuwa nawahi chakula cha mchana. Sijawahi kumwomba radhi. Leo namwomba.

Akapumzishwa ukuu wa idara kwa ajili ya afya yake, akahamishiwa ghala la chini ya ngazi, ambako afya, kama mjuavyo, hunawiri kwa vumbi.

Huko alikaa miaka kumi na sita. Aliacha kuuliza nakshi zina maana gani, akaanza kuuliza ni za nani, maana kila mfinyanzi hubana kwa namna yake. Mmoja alikuwa na mazoea ya kurudia mstari wa mwisho na kuuvuta chini kidogo, kama mtu anayeguna. Vyungu vyake kumi vilitoka bonde moja. Mwaka jana Bi Mistari akafungua sanduku la vigae kutoka mahali pengine kabisa, mwendo wa siku sita kwa miguu, udongo wa rangi nyingine. Akaviunganisha, vikapatikana vyungu vitatu. Mkono ulikuwa uleule.

Aliniita. Nilimkuta kashika kigae, machozi yanamtoka.

“Alihama,” akaniambia. “Huyu mtu alihama kweli.”

Kama aliolewa, kama alikimbia njaa au aliwachoka wakubwa wake, hatujui. Lakini kwa mara ya kwanza katika jengo hili mtu wa kale alikuwa mtu. Jarida letu liliipa habari hiyo heshima yake: ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la maegesho.

Juzi nilimsomea rasimu hii. Nilikuwa nimeandika “utumishi usio na dosari.” Alinikatiza.

“Futa. Andika nilikosea miaka tisa, na andika nani alinionyesha.”

Nimeandika.

Ahsante, Bi Mistari. Kuanzia kesho kutwa lala mpaka jua likuchoke, tembea na mzee wako mchana kweupe siku za kazi, ukatusahihishe kwa simu si zaidi ya mara moja kwa wiki. Mungu akupe umri mrefu na afya tele, mbali na sisi.