Kibao cha Mlango wa Mama Angélique

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi Marie-Thérèse,

KARIBU
Sisi wachongaji wa karakana ya Kituo chako cha jamii, hapa mtaani Bel-Air, tumefurahi umekuja mwenyewe. Barua yako tuliisoma: chumba hiki kitakuwa stoo ya viti vya plastiki vya harusi, tusipoonyesha leo kwamba bado kinafanya kazi. Basi kalia kimoja kati ya viti hivyo, tulichokiazima kwa leo tu, Mama, ututazame.

TULIKOTOKA
Aliyeanza ni Mama Angélique Kangwa, yule wa kitambaa cha kijani hapa mbele. Baba yake, fundi wa reli, alimwachia meza ndogo ya chuma yenye mikono miwili ya kuzungusha: mmoja unasogeza kazi kushoto na kulia, mwingine mbele na nyuma. Kwa meza hiyo alichonga majina kwenye vibao vya shaba miaka ishirini na miwili. Nani hapa hana kibao chake mlangoni, au kwenye msalaba wa mzazi wake?

Kisha vidole vikaanza kutetemeka. Mwaka jana aliharibu jina la marehemu mmoja mara tatu, akavua aproni, akaenda nyumbani. Yeye hakulia. Sisi ndio tuliolia.

TULICHOFANYA
Tuling'oa mikono ile ya kuzungusha, tukafunga mota za printa mbovu mahali pake, na nyingine ya kupandisha na kushusha kisu cha kuchongea. Lydie, mtu wetu wa kompyuta, akaziunganisha: ukiandika jina kwenye skrini, meza inatembea yenyewe.

Mama Angélique tulimficha jambo hilo, tukitaka kumshangaza. Wajanja sisi! Wiki tatu nzima kila O ilitoka kama yai lililokaliwa. Tulilaumu mota, tukalaumu waya, tukalaumu hata umeme, siku ambazo ulikuwepo. Mwishowe Lydie alinyoosha mikono, akaenda kumwita. Mama alipoona zile O, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bana bangu, munaonea mashini bure! Hii vis iko na nafasi kidogo. Mimi nilikuwaka napita alama, kisha narudia, kila mara naingia na upande moja."

Kumbe skrubu inayosogeza meza imelika. Ukiigeuza irudi nyuma, inazunguka kidogo bure kabla meza haijasogea. Mama alilijua hilo siku zote, na hakuna aliyemwuliza. Lydie aliifundisha kompyuta kupita alama na kurudi, vilevile kama Mama. O iliyofuata ilikuwa duara safi, na Mama akavaa aproni yake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayepanga herufi na kukagua kila kibao.

YANAYOTUSUMBUA
Hatukudanganyi: umeme ukikatika katikati ya jina, kibao hicho kimeharibika. Na kila asubuhi Mama Angélique anauliza kama viti vimeshaletwa. Swali hilo linatuuma kuliko umeme.

TUNACHOOMBA
Hatuombi mashine, tunayo. Tunaomba chumba. Kibao ulichoshika kimechongwa leo asubuhi, nacho kinasema KARAKANA YA WACHONGAJI. Matundu manne tumeshayatoboa mlangoni. Utusamehe, tulikosa subira. Skrubu ziko mfukoni mwa Mama Angélique, na bisibisi anayo. Vidole vyake vinatetemeka, ndiyo, lakini amekataa kusaidiwa. Anangoja neno lako tu.

Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na kila ukipita hapa ukute tunafanya kazi.

Ni sisi, Wachongaji wa Bel-Air.
Imesomwa na Chileshe, kwa niaba ya wote.