Sindano Aliyoikataa Sista Hulda

Tarehe 31 Desemba 1999, Sista Hulda Kotile anastaafu baada ya kuuguza katika hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Katika miaka hiyo hajamwamini mtu yeyote, na nasema hivyo kwa heshima zote.

Mzaliwa huyu wa Ngao alisomea uuguzi Mombasa, akarudi kwao mwaka 1966. Dereva akileta chanjo, Sista hupapasa barafu kwanza, salamu baadaye. Wakati wa mafuriko ya El Nino alitushuku sote kwamba tunaficha soda kwenye friji ya chanjo. Mara mbili alitukamata, na mara zote mbili nilikuwemo.

Februari mwaka huu alikuja Sadia, mke wa mfugaji wa Garsen, aliyekuwa na saratani ya titi. Tangu mwaka jana daktari anayetutembelea kutoka Mombasa alikuwa amemwandikia sindano mpya ya mshipani, inayolenga chembe za saratani zenyewe. Ndugu yake Sadia aliyeko ng'ambo ndiye aliyeituma, baada ya kuhangaika miezi mitatu. Maagizo yalikuwa wazi: dawa isigande wala kutikiswa, moyo upimwe, mgonjwa achungwe asije akapata homa au kubanwa na pumzi, na asipewe mwenye mimba.

Mimi, afisa wa kliniki, ndiye niliyejaza fomu. Swali la mimba nilimuuliza mumewe, Jaldesa. Akasema hakuna, nikaandika hakuna.

Sista Hulda aliisoma fomu ile, akanitazama kama mwizi wa mbuzi. Kisha akamtazama Sadia, akaona vumbi la udongo pembeni mwa midomo yake, ule udongo wanaotafuna wajawazito. Akamtuma Jaldesa kutafuta chai, akavuta pazia, akauliza upya.

"Sista, hii ya tumbo sisi hasemi mapema," Sadia akanong'ona. "Iko macho ya watu."

Kipimo cha mkojo kikathibitisha. Jaldesa alifoka kwamba tunamnyima mkewe dawa, na kusema kweli hata mimi niliogopa, maana uvimbe haukuwa unatusubiri. Sista hakutetereka. Alimpigia daktari simu, naye akaizuia sindano, akampasua Sadia kuutoa uvimbe, kule Mombasa, mwezi uliofuata.

Septemba Sadia alijifungua msichana. Dawa ile ile ilipopatikana upya, maana ya kwanza ilikuwa imepitwa na muda, sindano ilianza Novemba, mtoto akinyweshwa maziwa ya kopo. Sista alikaa kando ya kitanda dakika zote tisini akihesabu mapigo ya moyo. Alimuuliza tena kuhusu mimba, na alimuuliza yeye mwenyewe. Kama Sadia atapona hatujui bado. Matibabu yanaendelea.

Sista Hulda, msichana yule nimembeba kwa mikono hii iliyojaza fomu ile. Hana hata jino moja bado, lakini amening'ata kwa ufizi. Ahsante kwa kutoniamini. Nenda kapumzike Ngao, uishi miaka mingi yenye afya na furaha.

Job Tsuma, kwa niaba ya wafanyakazi wote