Niliomba Cheo, Nikaletewa Mama Mkwe

Bwana asifiwe, wapendwa! Mmeitika kinyonge, naona kubeba mavuno mpaka hapa kanisani kumewachosha. Basi kaeni, mimi nitasimama, maana jambo nililo nalo leo halisemeki kwa kukaa. Bwana asifiwe tena! Haya, hiyo ndiyo sauti ya watu wa Soni.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Elisa, mke wa yule karani aliyehamia Dar es Salaam baada ya Uhuru, miongoni mwa vijana wa kwanza wa hapa kupewa meza serikalini. Mlitusindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo. Shamba langu la bondeni, nililokabidhiwa nilipoolewa kama ilivyo desturi yetu, nililiacha mikononi mwa mama mkwe wangu. Yule pale mbele, mwenye kitambaa cheupe.

Ndugu zangu, mjini tulipokelewa na bei! Huku kwetu maji yanateremka yenyewe, kuni unaokota, mboga unachuma ukitoka kumsalimia jirani. Kule maji ni kwa debe, mkaa ni kwa kopo, na mchicha ukiupika unatafuta umekwenda wapi. Vyumba viwili tulivyopanga Magomeni vilikula mshahara kabla sisi hatujala. Watoto walikuwa wanne, na miguu yao ilikua kuliko wao wenyewe: leo umenunua viatu, kesho vidole viko nje.

Tungeweza kujibana. Lakini mume wangu ni mtu mwenye moyo mkubwa na shingo ngumu kidogo. Anacheka pale, anajijua. Kila aliyeshuka kutoka mlimani, awe anakwenda hospitali au anatafuta kazi, alifikia kwetu. Kumfukuza mgeni wa nyumbani hatukuzoea, wala sijutii. Tatizo ni kwamba Msambaa hatembei mikono mitupu, na mume wangu aliwazuia! Kila mara alituma salamu: "Msijitaabishe na mizigo. Mjini kila kitu kipo."

Kila kitu kipo! Ni kweli, kilikuwepo dukani. Kisha tukija huku Krismasi, tunawaletea sukari, mafuta ya taa na vitenge. Nanyi mkasema, loo, watoto wetu wametajirika! Mkaja wengi zaidi, mikono mitupu, kama mlivyoambiwa. Siwalaumu hata kidogo.

Ukaja ule ukame wa miaka ya Ujamaa. Unga ulikuwa wa foleni, sukari ya foleni, na mara nyingine unafika mbele duka linafungwa. Nikaanza kuomba. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: mume wangu apandishwe cheo. Nilifunga, nikalia, nikamtajia Bwana mpaka jina la cheo chenyewe ili asikosee. Cheo kikaja, wapendwa. Akapewa mwenzake wa meza ya pili.

Jioni ile mume wangu alirudi, akakaa bila kuvua viatu. Akasema, "Mama Elisa, mshahara huu hauwezi kulea watoto wanne mjini. Wakubwa watatu waende mlimani kwa mama. Tubaki na huyu mdogo."

Ndugu zangu, niliumia! Sikuwazaa watoto ili niwaone Krismasi. Nilijua bibi yao angewapenda, lakini mimi ndiye mama yao, na Yona wangu, yule wa tatu, alikuwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati. Nilimwambia Mungu, "Nimekuomba mkate, sasa unachukua na walaji?" Mama mkwe akatumiwa ujumbe aje kuwachukua, nami nikafua nguo zao na kuzikunja huku natokwa machozi.

Siku aliyofika nilikuwa natoka gengeni. Nikamkuta mlangoni, na kando yake limesimama tenga kubwa, limejaa viazi, maharage, kabichi na mapeasi. Alikuwa ameambiwa asibebe kitu. Mnamjua, haambiliki!

"Onga mshi," akanisalimu kwa Kisambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkononi umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba fungu la viazi. Viazi vinne, viwili vimeanza kuota. Nilitamani kuvificha ndani ya khanga, lakini mficha uchi hazai. Nikamwonyesha.

"Umenunua viazi?" Akakaa chini pale pale kibarazani. "Mke wa mwanangu, mwenye shamba bondeni, ananunua viazi vinne?"

Nikamweleza yote: kodi, foleni, cheo kilichopita mlangoni kwetu, na kwamba watoto wanaondoka kwa sababu ya chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kumbe miaka yote ile alikuwa analilima shamba langu na kugawa mavuno yake kwa majirani na kutoa sadaka ya mavuno hapa kanisani, kwa kuwa mwanawe alisema mjini kila kitu kipo!

Mume wangu aliporudi kazini, mama alimngojea avue viatu kwanza. Kisha akasema, "Mimi sichukui mtoto. Watoto hawahami. Kitakachohama ni chakula."

Haleluya! Niliomba cheo, nikaletewa mama mkwe! Wanawake, mnaelewa ninachosema. Si wengi tungeomba hivyo!

Alirudi mlimani peke yake. Tulimsindikiza stendi sote sita, na watoto wangu wote wanne walirudi nyumbani nami. Sikuwaachia mikono njia nzima, hata wakubwa waliokuwa wanaona haya.

Huku alialika kinamama wa kanisa hili, mkaingia shambani kwangu na majembe kama tulivyozoea kualikana. Gunia likapakiwa kwenye lori la mboga linalopita hapa Soni, nami nikalipokea mjini. Likafuata jingine. Tulikula, wageni wetu wakala, na ziada nikaiuza kibarazani. Majirani wa Magomeni walipanga foleni kwa ajili ya mapeasi yenu! Foleni ile niliipenda.

Vijana huniuliza, mjini unahitaji mshahara kiasi gani ulee familia bila kuhangaika? Nawajibu: sijui, maana wa kwetu haujatosha hata mwezi mmoja. Na watoto wote wanne walishiba, wakasoma, wakakulia chini ya paa moja na baba na mama yao. Sifa na utukufu ni kwa Bwana!

Asanteni, kinamama. Asante, mama. Nawe uliye mjini, waambie watu wako ukweli. Mungu amewaweka kwa ajili yako. Mtumaini Bwana, mwombe kwa bidii, lakini usimchagulie mlango wa kuingilia. Mwenye mtoto mjini na asimame sasa, tumwombee. Na baada ya ibada asiende mbali: lori linateremka kesho, nafasi ya magunia ipo. Amina!