Mwalimu Mikono Nyuma: Maisha ya Mume Wangu

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja kumsindikiza. Imezoeleka wasifu usomwe na kaka wa marehemu, na shemeji yangu alikuwa tayari kabisa. Mimi ndiye niliyemwomba anipishe. Chuo kimekuwa na mume wangu kwa miaka mingi, na leo nataka angalau maneno ya mwisho yawe yangu mimi mkewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mitumba. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi saa na mama mkunga. Baba mkwe alikuwa na sharti moja kwa mtoto yeyote aliyetaka kukaa karibu na meza yake ya kazi: macho mbele, mikono nyuma. Saa ikishafunguliwa, kidole kimoja cha mtoto kingeharibu kazi ya wiki nzima. Marehemu alisimama hapo mpaka akazijua saa bila kuzigusa, na tabia ya kufunga mikono mgongoni ikamganda maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 na kumaliza sekondari mwaka 1989. Alisomea ualimu wa hisabati, akafundisha miaka michache, kisha akarudi darasani kuchukua shahada ya kompyuta, aliyohitimu Novemba 1998. Wifi yangu mkubwa anasema hakuwahi kuwa wa kwanza darasani, na wala hilo halikumnyima usingizi.

Januari 1999 aliajiriwa chuo kikuu kusimamia maabara ya kompyuta. Mfumo wa kujifunzia mtandaoni ulipoanza mwaka 2008, alihamishiwa kitengo kipya cha kuwasaidia wahadhiri na wanafunzi kuutumia: kupakia mihadhara, kutunga majaribio, kusahihisha kazi bila makaratasi. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya chini kando ya ngazi, meza tatu na feni yenye kelele. Hapo akalifanya sharti la baba yake kuwa lake, kwa kulipindua: yeye mwalimu ndiye asiyegusa. Alisimama nyuma ya kiti chako, mikono mgongoni, akakuelekeza mpaka uweze mwenyewe. Wanafunzi wakambatiza Mikono Nyuma, na jina likapanda ngazi hadi ofisi za maprofesa. Profesa mmoja wa historia aliwahi kuweka jaribio lifungwe siku moja kabla ya kufunguliwa, darasa zima likapata sifuri. Marehemu alishinda naye mchana kutwa, profesa akimsihi abonyeze yeye tu yaishe. Hakubonyeza. Mwanafunzi mmoja wa sheria asiyeona, aliyejifunza kwake kutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti, aliniambia juzi hapa msibani kwamba alimtambua kwa viatu na sauti, kwa sababu mkono wake hakuwahi kuuhisi.

Mimi nilikutana naye mwaka 2000, kibanda changu cha kushona kikiwa ng'ambo ya lango la chuo. Alileta suruali ikunjwe pindo. Wiki iliyofuata pindo limefumuka, na iliyofuata tena limefumuka. Nikaanza kuitilia shaka cherehani yangu. Tulifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001, na hapo ndipo alipokiri kuwa pindo alikuwa akilifumua mwenyewe kwa wembe. Mungu akatujalia binti na kijana.

Sasa niseme la moyoni, maana wengine mnalijua. Nilikuwa na wivu, tena si mdogo. Simu za chuo zilimfuata mezani na kanisani. Mhadhiri mmoja wa kemia, yupo pale safu ya tatu, mwenye kilemba cheusi, karibu sana mwenzangu, alipiga kila Jumapili. Siku moja nikafunga kibanda nikaenda kujionea. Nilimkuta mama wa watu analia mbele ya skrini, alama za wanafunzi wake hazionekani, na mume wangu amesimama mbali kidogo nyuma yake, mikono mgongoni, anamwambia taratibu, “Hujaharibu kitu. Bonyeza hapo hapo unapopaogopa.” Nilirudi na wivu uliozidi ule niliokwenda nao. Ningefumania jambo lingine ningejua la kufanya.

Kilichoniuma ni kwamba mimi hakuwahi kunifundisha. Nikikwama kwenye simu, ni “lete hapa”, anaichukua, anamaliza, ananirudishia. Watoto aliwafundisha kufunga kamba za viatu, baiskeli na hesabu, mikono yake nyuma kama kawaida. Wa “lete hapa” nilikuwa mimi peke yangu. Niliona ananidharau, na nikamwambia wazi: chuo kizima wana akili, mkeo tu ndiye hana? Akacheka, akaichukua simu yangu, akaimalizia.

Juni 2023 alianza kupungua mwili. Agosti madaktari wakagundua saratani ya ini. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini kwa muhula mmoja, na Februari 2024 akalala kitandani. Alasiri moja aliniita niketi kando yake na kompyuta. Aliegemea mito, kisha kwa shida akapitisha mikono nyuma ya mgongo. Akaanza kunielekeza: namna ya kumpata kijana wetu kwa video huko anakosoma, namna ya kubadilisha nywila, picha zetu zimehifadhiwa wapi. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilijiona nimeingia chuo. Siku chache baadaye nikamtania, mbona siku hizi sisikii “lete hapa”?

“Wale niliwafundisha kwa sababu nilikuwa naondoka,” akasema. “Kuna ofisi nyingine inaningoja, lazima niwaache wanaweza. Wewe sikukufundisha kwa sababu sikuwa na mpango wa kuondoka, mama watoto.”

Nikamwambia basi nimesahau yote, aanze upya. Akaanza upya.

Alifariki tarehe 11 Aprili 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mjane, binti na kijana, mjukuu mmoja, kaka wawili na dada wawili. Amewaacha pia ninyi wa chuo, ambao idadi yenu siijui na sikutaka kuijua.

Wasifu huu nimeuchapa mwenyewe kwenye kompyuta yake, nikaupanga kurasa na kuutuma kwa mchapaji, bila kumwita mtu. Na bado nawaonea wivu. Ninyi alipomaliza kuwafundisha, kesho yake mlimwona tena pale ngazini.

Mungu akupumzishe kwa amani, baba watoto. Nikikwama, nitabonyeza hapo hapo ninapopaogopa.