Mashine Iliyoandikwa Mbovu: Historia ya Marehemu Fundi Gramu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika, familia imempa binti wa pili wa marehemu jukumu la kuwasomea historia hii, naye anaomba radhi mapema sauti ikimkatika, kwani kuna sehemu kwenye karatasi hii ameiandika mara nne na bado inamtisha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akaanza shule ya msingi Januari 1966, na akamaliza sekondari Novemba 1976. Katikati ya masomo hayo, tarehe 2 Juni 1973, mama yake alianguka jikoni mwiko ukiwa mkononi, akafariki kabla ya jioni, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, na watu wakasema ni mshtuko, wengine wakasema ni kijicho, ila hakuna aliyesema presha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima.

Tarehe 3 Januari 1979 aliajiriwa katika ofisi ya vipimo, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minne, akizunguka masokoni, buchani na maghalani na sanduku lake la mawe ya shaba, kila jiwe uzito wake unajulikana, akijaribu mizani za wafanyabiashara, iliyo sawa akaigonga muhuri, iliyopotoka akaiandikia MBOVU kwa wino mwekundu, na hakumjali rafiki wala shemeji, kauli yake ikiwa ni ile ile, kwamba mizani haina mjomba. Muuza nyama wa kona ya pili, ambaye tunaye hapa leo, aliandikiwa mara tatu, na ndiye aliyembandika jina la Gramu, akidai mtu huyu angeweza kupima hata mvuke wa chai.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa nguo, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1988, huyu anayewasomea mwaka 1991, na kitinda mimba wa kike mwaka 1996, na urefu wetu sote upo hadi leo kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli, na aliyesimama kwa ncha za vidole alipimwa upya.

Mwaka 2010 mdogo wake wa kiume alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na saba, na Aprili mwaka uliofuata marehemu, aliyekuwa ameambiwa zahanati kwamba presha yake iko juu na hakuamini, alinunua mashine yake mwenyewe ya kupimia presha ili apate ukweli. Alijipima, ikasoma juu, akampima dada yake, juu, akampima kijana wake wa kwanza, wakati huo ana miaka ishirini na mitatu na anacheza mpira kila jioni, ikasoma 168 kwa 104, na hapo fundi akacheka, akasema mizani inayomwonea kila mtu imekufa springi, akaichukua kalamu yake nyekundu, akaandika MBOVU mgongoni mwa mashine, akaiweka juu ya kabati, na kumwambia kijana, "Nenda kacheze mpira wako, baba, huna kitu." Dada yake yule, shangazi yetu, alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka arobaini na minane.

Tarehe 19 Agosti 2022 marehemu alipata kiharusi cha kwanza, mkono wa kulia ukalegea, na dawa za kawaida zikawa hazishushi presha, ndipo daktari wa figo akachukua karatasi, akachora ukoo wetu kwa miraba na duara, na kila aliyeanguka akamjaza wino mweusi, bibi, baba mdogo, shangazi, mpaka binti huyu anayewasomea akaomba aache kidogo. Damu ilipopimwa katika maabara ya mbali, ikaonekana kuna kasoro katika kinasaba kimoja, inayofanya figo ziing'ang'anie chumvi kama mtoto anayeng'ang'ania pindo la nguo ya mama yake, na kwamba si laana wala kijicho wala hasira, ni kitu mzazi humpa mtoto bila kujua, na kila mtoto anayezaliwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kukipata, na ipo dawa yake.

Marehemu aliomba ile mashine iteremshwe, ikatiwa betri mpya, muuguzi jirani akamfunga kwanza mama, ambaye si damu ya ukoo huu na hakuwahi kupimwa nayo maana siku zote yuko kwenye cherehani, ikasoma 118 kwa 76, kisha akamfunga marehemu, ikasoma 184 kwa 112, naye akasema, "Nilijaribu mizani kwa mizigo nisiyojua uzito wake." Kosa hilo hata mwanafunzi wa ofisi yake asingelifanya, na yeye alilifanya, kwa sababu aliwapima aliowapenda.

Alitumia dawa yake barabara, presha ikashuka, lakini mishipa ilikuwa imechoka zamani, akafariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, wodini, mama akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru daktari wa figo, wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliombeba na kiti chake hadi barabarani, na wenzake wa ofisi ya vipimo waliokuja na lile sanduku la shaba.

Sasa sehemu yenyewe. Kitinda mimba wetu alipimwa damu, hana kasoro ile. Binti anayewasomea alipimwa, anayo, anameza kidonge kila asubuhi na yupo mbele yenu. Kaka yetu mkubwa, aliyekaa mstari wa mbele na shati la mikono mirefu, hajapimwa tangu siku ile ya 2011, kichwa kinamuuma kila wiki, ana watoto wawili, na juzi alisema, "Mdogo wangu, mimi si gunia, acha kunipimapima," naye mdogo wake anaogopa, anaogopa kweli, kwamba siku moja atasimama hapa tena na karatasi nyingine. Miezi yake ya mwisho marehemu aliuliza kila siku swali moja tu, kama kijana amekwenda kupimwa, na kila siku tulimjibu bado.

Muuguzi jirani ameketi kwenye meza karibu na geti, mashine ile ile iko mbele yake, mwenye damu ya nyumba hii asipite bila kunyoosha mkono. Kaka, anza wewe.

Baba, pumzika kwa amani, mashine ilikuwa nzima.