Nahodha Thora Aliyeacha Kulifuata Jua

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Nahodha Thora Foubister anashuka kutoka boti yetu ya kukokota mitambo, na safari hii hapandi tena. Ametumika miaka ishirini na miwili. Karibu kila mtambo uliotoka gati la Kirkwall kwenda kuvuna umeme kwenye mkondo wa bahari wa Eday ulitoka ukiwa nyuma ya boti yake. Mwenyewe alituomba tusimwandike kwenye jarida hili la kazini. Tumemwandika, na atusamehe.

Alizaliwa kisiwani Westray, akafundishwa usukani na baba yake, Mzee Erlend, mvuvi wa kaa. Alipokuja kwetu, umeme wa bahari ulikuwa jambo la kuchekewa. Watu walisema upepo tunao tele, sasa hao wanaozamisha feni majini wamerogwa na nani? Thora hakubishana. Alisubiri maji yasimame kati ya kujaa na kupwa, akaufikisha mtambo mahali pake, akarudi kuomba chai.

Siku moja sili, yule mnyama wa baharini, tena mnene, alijilaza juu ya mtambo saa ileile maji yamesimama, na mafundi wakaogopa meno yake. Thora akasimama omoni, mbele ya boti, akampigia ukelele, ule wa kuondolea mafahali shambani kwao. Sili akajitosa. Fundi mmoja naye nusura amfuate.

Sasa tuseme lile ambalo hakutaka liandikwe, kwa kuwa kila mtu hapa analijua na wengi wanalijua vibaya.

Kwetu chombo hakiondoki gatini bila kugeuzwa kwa kufuata jua, yaani kwa mkono wa kulia, hata kama mlango wa bandari uko kushoto. Hatuulizi kwa nini. Hata pombe ya harusi tunaipitisha hivyohivyo. Basi miaka tisa iliyopita, siku ya kuzindua mtambo mkubwa, wageni wamekuja kutoka Edinburgh, bendi ya shule inapiga, Thora akaiondoa boti na mkono ukafanya ulichozoea tangu utotoni. Akazunguka kulia, na mtambo uko nyuma. Kamba ikanasa kwenye boya, mtambo ukayumba ukajigonga gatini, panga moja la feni likakatika likazama mbele ya wageni wenye mikate mikononi. Hakuna aliyeumia, lakini mtambo ulilala karakana majira yote ya baridi.

Fundi mkuu, Bwana Ruaridh, ambaye si mtu wa visiwani, alimuuliza mbele ya watu wote, “Nahodha, kwani kilikushinda nini kutoka kushoto?”

“Jua,” akajibu Thora, na papo hapo akasikia jinsi jibu lilivyokuwa. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

Tangu hapo, akiwa na mtambo nyuma alitoka kushoto, njia fupi, na hakuharibu kitu tena. Ila kantini haikumwacha. “Nahodha, leo jua linatokea upande gani?” Jamani, tulidhani ni utani wa watu wanaopendana! Yeye alitabasamu, akachukua mkate wake wa shayiri na jibini, akaenda kula peke yake botini.

Na huko botini hakukuwa tena na Mzee Erlend, aliyezoea kuja kunywa naye chai. Mara ya kwanza alipomwona bintiye akitoka kushoto, alisema kwa sauti, gati zima likasikia, “Mwacha mila ni mtumwa.” Hakutia tena mguu kwenye boti ile. Alikuwa akija, anasimama na mkongojo wake, anatazama, anaondoka.

“Nikienda kulia mnanicheka, nikienda kushoto namwaibisha Baba,” Thora alimwambia Mina, mpishi wetu. “Sasa mimi niende wapi, baharini?”

“Si ndiko unakokwenda kila siku, dada,” Mina akamjibu. Walicheka, kisha Thora akalia. Mina ndiye aliyetusimulia, wiki iliyopita tu.

Jumanne alikokota mtambo wake wa mwisho. Wageni walikuwepo tena. Kabla ya kuondoka alishuka akamwendea baba yake, mzee wa miaka tisini sasa.

“Baba, ndiyo safari ya mwisho hii. Njoo tupande.”

Mzee akautazama mtambo. “Utageukia wapi?”

“Kushoto, Baba. Nimefunga mtambo nyuma.”

Mzee akabaki palepale na mkongojo wake. Thora akainamisha kichwa, akapanda peke yake, akatoka kushoto.

Hapo Mzee Erlend akavua kofia. Akauegemea mkongojo, akaanza kujizungusha palepale gatini, kulia, hatua ndogo ndogo, viatu vikiburuta. Wageni wakaangua kicheko. Mmoja akatoa simu ampige picha. Meneja wetu, Bi Gillian Heddle, akamkimbilia akidhani ni kizunguzungu.

“Mzee, vipi, unaumwa?”

“Siumwi,” akasema, bila kusimama. “Namzungukia mwanangu. Yeye ana mzigo.”

Simu ikashushwa. Bi Gillian akabaki amemshika kiwiko, wakamaliza duara wote wawili. Kijana wa kamba aliyekuwa botini anasema Thora aliona yote, akajifunika uso kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hakuuachia usukani. Sisi tuliokuwa gatini hatukuweza kutazamana.

Nahodha Thora, asante kwa kila mtambo uliotufikishia salama na kwa subira uliyokuwa nayo juu yetu. Nenda nyumbani kwa heri, upumzike, Mungu akuzidishie miaka pamoja na Mzee. Na ule utani wa jua, dada yetu, tumekoma.